Shajara ya Mradi: Kufuatilia Nasaba ya Daniel Boone, Mlowezi wa Kentucky

Januari: Mipaka ya kazi

Mradi huu unafuatilia nasaba ya Daniel Boone, mlowezi aliyeongoza ufunguaji wa njia ya kuvuka milima ya Appalachia na kuingia Kentucky mwaka 1775, kuanzia kwa wazee wake waliotoka Devon nchini Uingereza hadi kwa watoto wake waliomfuata Missouri. Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujirani: ninaishi Lexington, mji ambao siku hizi una familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, na watoto wetu hufundishwa habari za Boone shuleni ilhali sisi wazazi hatuna la kuwaongezea wanaporudi nyumbani. Ya pili ni kwamba sifa za mtu huyu zimevimba kupita nyaraka zake, na kwa hiyo anafaa sana kwa anayetaka kujizoeza kutenganisha jambo lenye ushahidi na jambo linalopendwa tu.

Kanuni niliyojiwekea ni kwamba hakuna jina litakaloingia katika jedwali la ukoo kabla sijaona limeandikwa wapi, na nani, lini, na kwa sababu gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa matunda zaidi. Karibu kila karatasi inayomhusu mlowezi wa karne ya 18 iliandikwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akidai kitu: kodi, deni, ardhi au toba. Familia iliyoishi kwa amani, isiyodaiwa wala kudai, haikuacha maandishi mengi. Ukoo wa Boone haukuwa na bahati hiyo ya utulivu, na mtafiti anapaswa kushukuru.

Februari: Hati ya 1788

Vitabu vingi vya ukoo huu, kikiwamo kile kikubwa kilichochapishwa mwaka 1922, vinaegemea hati moja fupi iliyoandikwa mwaka 1788 na James Boone, binamu yake Daniel aliyebaki Pennsylvania. James anaanza na babu wa babu yao, George wa kwanza, ambaye hana la kusema juu yake zaidi ya kwamba alizaliwa Uingereza. Anafuata George wa pili, mhunzi, kisha George wa tatu, mfumaji wa nguo, aliyezaliwa mwaka 1666 katika kijiji cha Stoak karibu na mji wa Exeter na kumwoa Mary Maugridge wa Bradninch. Watoto wao tisa walifikia utu uzima. Watatu kati yao, George, Sarah na Squire, walitangulizwa Pennsylvania kuichunguza nchi, na wazazi pamoja na wadogo wao wakafika Philadelphia mwaka 1717. Squire huyo ndiye baba yake Daniel. Naomba msomaji alizingatie jina hilo mapema, kwa sababu Squire hapa ni jina la mtu na si cheo, na Daniel alikuwa pia na mdogo wake aliyeitwa Squire, jambo ambalo limewachanganya waandishi wengi wa miti ya ukoo kwenye intaneti.

Hati ya James ina kifungu kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu. Anasema kwamba babu yao alipofariki mwaka 1744 aliacha watoto 8, wajukuu 52 na vitukuu 10 waliokuwa hai, jumla watu 70, kisha anaongeza kwamba hiyo ndiyo idadi ya watu wa nyumba ya Yakobo walioingia Misri. Sentensi hiyo inatueleza mengi kuhusu mwandishi na wakati wake. Inatueleza kwamba mtu aliyehesabu ukoo wake aliuhesabu akiwa na Kitabu cha Mwanzo mkononi. Lakini idadi inayopatana vizuri hivyo na Maandiko inapaswa kuhesabiwa upya na mtu asiye na hamu ya kuifikia sabini, hasa kwa kuwa James mwenyewe alikuwa mtoto mchanga babu huyo alipofariki na hivyo alitegemea kumbukumbu za wazee. Nimeanza kuwaorodhesha wajukuu hao mmoja mmoja kutoka kumbukumbu za vizazi za Marafiki, yaani Waquaker, dhehebu la Kikristo la familia hii. Hati ninaikubali kama ushahidi mzuri kwa kizazi cha George wa tatu na watoto wake, kama ushahidi wa kusikia kwa vizazi viwili vya juu, na sipandi zaidi ya hapo.

Wapo waliopanda. Baadhi ya waandishi waliupeleka ukoo huu hadi kwa wakuu wa Kinormani walioitwa de Bohun, kwa hoja ambayo ukiichambua haina kitu zaidi ya mfanano wa sauti. Hakuna hati inayoziba karne zilizopo katikati. Nimelifunga faili hilo.

Machi: Tarehe

Kabla ya kuendelea ilibidi nisimame na kupanga tarehe zote upya. Uingereza na makoloni yake ilitumia kalenda ya Juliani hadi Septemba 1752, mwezi ambao tarehe 2 ilifuatwa moja kwa moja na tarehe 14, na kabla ya mwaka huo mwaka wa kisheria ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi. Ndiyo maana hati moja inasema familia ilifika Philadelphia tarehe 29 Septemba 1717 na nyingine inasema tarehe 10 Oktoba, na zote mbili ziko sahihi. Ndiyo maana pia Daniel, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1734 kwa hesabu ya zamani, anaandikwa na vitabu vingi kuwa amezaliwa tarehe 2 Novemba, ingawa mwenyewe aliishikilia ile ya Oktoba hadi uzeeni. Msomaji aliyezoea kupatanisha tarehe za Hijria na za Miladia hatasumbuliwa na jambo hili. Tabu iko katika namna Marafiki walivyoandika miezi.

Marafiki waliyaona majina ya kawaida ya miezi kuwa ya kipagani, wakaiita miezi kwa namba. Kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi, kwa hiyo mwezi wa saba ulikuwa Septemba na mwezi wa kumi ulikuwa Desemba. Squire Boone na Sarah Morgan walifunga ndoa tarehe 23 ya mwezi wa saba mwaka 1720. Miti mingi ya ukoo inaandika 23 Julai, na kosa hilo limenakiliwa mara nyingi kiasi kwamba wingi wake sasa unadhaniwa kuwa uthibitisho. Katika jedwali langu kila tarehe ya kabla ya 1752 ina safu mbili, moja ikiwa na maneno ya hati yenyewe bila kuguswa na nyingine ikiwa na tafsiri yangu, ili mtu asiyekubaliana na tafsiri aweze kuniondoa bila kuiondoa hati.

Aprili: Daftari za Marafiki

Wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanawajua watu hawa vizuri, kwa kuwa ndio Kanisa la Marafiki ambalo wamisionari wake Wamarekani walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902. Miaka karibu mia mbili kabla ya Kaimosi, mkutano wao wa kila mwezi huko Pennsylvania ulikuwa ukifanya kazi ya kanisa, ya baraza la wazee na ya ofisi ya msajili kwa pamoja. Mtu aliyehamia alileta cheti cha mwenendo mwema kutoka mkutano aliotoka. Aliyetaka kuoa alitangaza nia yake mbele ya watu, na wajumbe wakateuliwa kuchunguza kama hana kizuizi. Aliyekosa alitembelewa na watu wawili, na kama alitubu, aliandika karatasi ya kukiri ambayo ilisomwa kwa sauti mbele ya mkutano. Karani aliandika hayo yote.

Kutokana na mfumo huo, vipindi vibaya vya familia ya Squire Boone ndivyo tunavyovijua vizuri zaidi. Mwaka 1742 binti yake mkubwa, Sarah, aliolewa na John Wilcoxson, mtu asiye wa Marafiki, akiwa tayari ni mjamzito, na Squire akalazimika kukiri mbele ya mkutano kwamba alikosea kuiridhia ndoa hiyo. Mwaka 1747 mwanawe Israel alioa pia nje ya jumuiya. Safari hii baba alikataa kuomba radhi, na mwaka 1748 mkutano wa Exeter, ule wa Pennsylvania, ukamtenga. Mkewe, Sarah Morgan, aliyetoka katika familia ya Marafiki wa asili ya Wales waliokaa Gwynedd, hakutengwa. Mwaka 1750 familia iliondoka Pennsylvania. Waandishi wengi hueleza kwamba ugomvi wa dini ndio uliowahamisha. Mimi naona ni salama zaidi kusema kwamba ulifuatiwa na kuhama, kwa kuwa watu wengi wasio na ugomvi wowote na kanisa walihama bonde lile miaka hiyo hiyo wakifuata ardhi ya bei nafuu kusini.

Daftari hizi zimenisaidia pia kumaliza swali ambalo huulizwa mara kwa mara, kama Boone na Rais Abraham Lincoln walikuwa ndugu. Ni kweli kwamba mwaka 1760 mtu aliyeitwa Abraham Lincoln alimwoa Anne Boone, binamu yake Daniel, katika kaunti ya Berks huko Pennsylvania. Huyo, hata hivyo, alikuwa ndugu wa baba mmoja na John Lincoln, baba mzaa babu yake Rais, wakiwa wametoka kwa mama tofauti. Undugu uliopo basi ni wa ndoa katika tawi la pembeni, na Rais hakuwa na damu ya Boone kwa njia hiyo. Nimeuandika kwa mstari wa nukta.

Jambo moja daftari haziwezi kutoa ni makaburi. Marafiki wa zamani hawakuweka mawe yenye majina, na kwa hiyo George na Mary, wazee wa ukoo wote huu, hawana jiwe la enzi zao la kunakiliwa.

Mei: Carolina

Kipindi cha Carolina Kaskazini kina nyaraka za kutosha na utata kidogo, nami nimekipita haraka. Squire alipewa ardhi mwaka 1753 katika bonde la mto Yadkin kupitia ofisi ya Lord Granville, akawa mmoja wa mahakimu wa amani wa kaunti mpya ya Rowan, na mwaka 1759 akamuuzia Daniel ekari 640 kando ya kijito cha Bear. Alifariki Januari 1765. Yeye na Sarah, aliyeishi hadi 1777, wamezikwa katika makaburi ya Joppa huko Mocksville, na mawe yao yapo hadi leo yakiwa yamejengewa ukuta wa matofali kuyalinda.

Kinachohitaji uangalifu ni ndoa. Tarehe 14 Agosti 1756 Daniel alimwoa Rebecca Bryan, na mdogo wake Daniel aliyeitwa Edward, kwa jina la nyumbani Ned, akamwoa Martha Bryan, dada yake Rebecca. Ndoa za namna hii, ambapo ndugu wawili huoa nyumba moja, zilikuwa za kawaida katika makazi yenye familia chache, na wazee wetu hawangezishangaa. Kwa mtafiti wa nasaba ni balaa, kama entri ifuatayo inavyoonyesha.

Juni: Suala la Jemima

Daniel na Rebecca walipata watoto kumi: James, Israel, Susannah, Jemima, Levina, Rebecca, Daniel Morgan, Jesse Bryan, William aliyefariki akiwa mchanga, na Nathan. Kuhusu Jemima, aliyezaliwa mwaka 1762, kuna uvumi wa tangu zamani kwamba Daniel alikuwa safarini kwa muda mrefu na kwamba baba wa mtoto alikuwa ndugu yake, ambaye mara nyingi husemwa kuwa Ned. Uvumi huu ulisimuliwa kwa namna mbalimbali, ukiwa na mwaka tofauti, mtoto tofauti na hata ndugu tofauti, na wote waliousimulia kwa maandishi waliandika miongo mingi baada ya tukio.

Nimeulizwa na wasaidizi wawili wa mradi kwa nini tusiwaombe wazao wapime vinasaba tukamaliza. Jibu linahitaji maelezo. Kromosomu Y hupita kutoka baba hadi mtoto wa kiume tu, na Jemima alikuwa mwanamke, kwa hiyo hakuibeba. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama, na kuhusu mama hakuna ubishi. Vinabaki vile vinavyorithiwa pande zote mbili, lakini Daniel na Ned walikuwa wana wa baba mmoja na mama mmoja, kwa hiyo babu na bibi wa Jemima upande wa baba ni Squire na Sarah kwa vyovyote vile. Tena wake zao walikuwa dada, na watoto wa nyumba hizo mbili walikuwa mabinamu wa pande zote mbili. Baada ya zaidi ya miaka 250 kile kidogo ambacho mzao wa leo amekirithi hakiwezi kuamua kati ya ndugu wawili wa tumbo moja. Kipimo kitathibitisha kwamba mtu ni wa ukoo wa Boone na Bryan, na hapo kitanyamaza.

Katika jedwali Jemima ni binti wa Daniel na Rebecca. Walimlea hivyo, na Washawnee na Wacherokee, mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, walipomteka yeye na mabinti wawili wa familia ya Callaway karibu na Boonesborough, ngome ya walowezi huko Kentucky, tarehe 14 Julai 1776, Daniel ndiye aliyeongoza msako uliowarudisha siku chache baadaye. Uvumi nimeuweka katika maelezo ya pembeni ukiwa na majina ya waliousimulia na umri wa habari yenyewe.

Agosti: Ardhi ya Kentucky

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu njia ya kawaida imekatika. Madaftari ya sensa ya shirikisho ya mwaka 1790 na 1800 kwa Kentucky hayapo tena, na hata sensa zilizobaki za kabla ya 1850 zinataja jina la mkuu wa kaya peke yake, wengine wote wakiwa ni tarakimu katika safu za umri. Badala yake watafiti hutumia orodha za kodi, na zaidi ya hizo, nyaraka za ardhi.

Ni lazima kwanza kueleza ardhi hiyo ilikuwa ya nani. Kentucky ilikuwa nchi ya mawindo ya Washawnee na Wacherokee. Machi 1775, katika mkutano wa Sycamore Shoals, Richard Henderson na Kampuni yake ya Transylvania walidai kuinunua kutoka kwa viongozi wa Wacherokee, huku kijana wao Dragging Canoe akiupinga mkataba huo hadharani, na Washawnee hawakuhusishwa hata kidogo. Virginia baadaye iliubatilisha ununuzi huo kwa masilahi yake yenyewe. Kwa hiyo hati za kwanza kabisa za Boonesborough zinatoka kwa kampuni iliyokuwa ikigawa kitu ambacho serikali haikukubali kwamba ni chake, na zinapaswa kusomwa hivyo.

Sheria ya ardhi ya Virginia ya mwaka 1779 ilimpa mlowezi aliyekuwa amekaa kabla ya 1778 haki ya ekari 400, na nafasi ya kwanza ya kununua ekari 1,000 zinazopakana nazo. Kutoka hapo dai lilipita hatua nne: hati ya idhini, uandikishaji wa dai, upimaji, na hati miliki. Kila hatua ilizaa karatasi, na leo picha za nyingi kati yake zinaweza kuonwa kwenye intaneti kupitia ofisi ya ardhi ya jimbo. Karatasi ya upimaji ndiyo yenye utajiri. Mpima anaeleza mipaka kwa miti na vijito, kutoka mwaloni mweupe hadi kingo za maji, kisha chini kabisa anataja washika mnyororo wa kupimia na aliyetia alama miti. Kazi hizo mara nyingi zilifanywa na wana, wakwe na wapwa, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu. Kijana ambaye hana ardhi, hana mke na halipi kodi anaonekana kwa mara ya kwanza duniani akiwa ameshika mwisho wa mnyororo katika shamba la mjomba wake.

Boone mwenyewe alikuwa mpima, akiwapimia wengine na kujiandikishia maelfu ya ekari. Madai ya watu yalilaliana, yeye hakufuatilia hatua zote nne kwa makini, na kesi zikamwandama hadi akabaki karibu bila ardhi. Kesi hizo ni hasara yake na faida yetu, kwa maana shahidi aliapa na kutaja mwaka, mahali na watu aliokuwa nao. Mfano ninaoupenda ni ushahidi wake wa mwaka 1796 kuhusu kijito cha Lulbegrud, ambacho hadi leo ni sehemu ya mpaka wa kaunti za Clark na Powell, si mbali na hapa. Boone alieleza kwamba mwaka 1770 alipiga kambi kwenye mto Red na wenzake watano, na kwamba walikuwa na kitabu cha safari za Gulliver cha kujiburudisha, na jina la kijito likatoka humo. Wakili alitaka tu kujua kijito kilipewa jina lini. Sisi tumepata zaidi: idadi ya watu kambini, mwaka, mahali, na habari kwamba wawindaji hao walikuwa wakisomeana kitabu usiku.

Kuhusu tahajia, makarani waliandika Boone, Boon na Bone kwa mtu yule yule, hata katika ukurasa mmoja, kwa hiyo tahajia haitenganishi watu. Sahihi yake mwenyewe ni jambo jingine. Alitia sahihi akiandika jina lenye herufi e mwishoni, ilhali magome mengi ya miti yanayosifiwa kuwa yalichongwa naye hayana herufi hiyo. Sijaweka mti wowote katika orodha ya ushahidi.

Septemba: Watu wenye jina moja

Nyaraka hizo hizo zimejaa watu ambao hakuna chama cha ukoo kilichowachapishia kitabu. Orodha ya kodi ya mwaka 1787, Boone alipokuwa akiendesha biashara Limestone, ambayo sasa ni Maysville, inamwonyesha akiwa na watumwa saba. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kwa Kentucky ya wakati ule, na haitajwi sana katika michezo ya jukwaani ya watoto.

Tarehe 10 Oktoba 1773, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Lee huko Virginia, kundi dogo lililokuwa likielekea Kentucky lilishambuliwa alfajiri, na mwana mkubwa wa Boone, James, akauawa pamoja na Henry Russell, mwana wa William Russell. Vitabu vya ukoo vinaeleza mateso ya James kwa undani. Tunayajua kwa sababu mtu aliyeitwa Adam, mtumwa wa Russell, alijificha ndani ya magogo yaliyokuwa yamekwama ukingoni mwa kijito, akaona yote, kisha akapotea msituni siku nyingi kabla ya kufika makazini na kusimulia. Mwenzake Charles, mtumwa pia, alichukuliwa na baadaye akakutwa ameuawa. Kwa kanuni nilizojiwekea Januari, Adam ndiye shahidi mkuu wa kifo cha James Boone, na kila anayeandika tarehe ile katika mti wake wa ukoo anamtegemea yeye, ajue asijue.

Baada ya Adam wengine wameanza kuonekana. Sam aliuawa Machi 1775 pamoja na bwana wake, Twitty, kundi la Boone lilipokuwa likifungua njia karibu na mahali ambapo leo ni Richmond. London aliuawa akiilinda Boonesborough katika mzingiro wa Septemba 1778. Upande wa pili wa mzingiro huo alikuwapo Pompey, Mwafrika aliyeishi na Washawnee na kuwafasiria wakati wa mazungumzo. Monk Estill alitengeneza baruti ngomeni, na mwaka 1782 akapewa uhuru baada ya mapigano ambayo bwana wake aliuawa. Huko Missouri, Derry Coburn, mtumwa wa Daniel Morgan Boone, aliandamana na mzee Daniel katika mawindo yake ya mwisho.

Kuwatafutia watu hawa wazazi na wazao ni kazi ya namna nyingine. Madaftari ya watumwa ya sensa ya 1850 na 1860 yanaandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye mali, bila kumtaja mtumwa kwa jina, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja walioachwa huru kwa majina kamili kama watu wengine. Kati ya Adam wa 1773 na mwaka 1870 kuna karibu karne nzima, na daraja lililopo ni wosia, orodha za mali za marehemu, hati za rehani na hati za mauzo, yaani karatasi ambazo zinamtaja mtu kwa jina kwa sababu tu alikuwa na bei.

Oktoba: Missouri

Mwaka 1799 Boone alihamia bonde la Femme Osage, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Hispania. Alipewa arpenti 1,000, takriban ekari 850, lakini baada ya Marekani kununua Louisiana mwaka 1803 hati yake ilionekana haikukamilishwa na dai likakataliwa mwaka 1809. Bunge la Marekani lilimrudishia ardhi hiyo mwaka 1814, naye akaiuza kulipa madeni. Rebecca alikuwa amefariki mwaka 1813. Daniel alifariki tarehe 26 Septemba 1820 katika nyumba ya Nathan, na kati ya watoto wao kumi wanne tu ndio waliokuwa hai siku hiyo.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha ya ndani ya familia inatoka kwa mazungumzo ambayo mkusanyaji Lyman Draper aliyafanya mwaka 1851 na Nathan pamoja na mkewe, Olive, nyumbani kwao kusini-magharibi mwa Missouri. Karatasi za Draper ziko Madison, katika Jumuiya ya Kihistoria ya Wisconsin, nasi tunazisoma kwa mikrofilamu. Draper alikuwa muulizaji mvumilivu, na Nathan alikuwa mzee mwangalifu. Hata hivyo Nathan alizaliwa mwaka 1781. Anaposimulia Missouri ni shahidi wa macho. Anaposimulia kutekwa kwa Jemima au kifo cha James anarudia masimulizi ya wazee wake. Nimeyatenga maneno yake katika makundi hayo mawili, na kundi la pili limekuwa kubwa kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu kaburi nitasema machache. Daniel na Rebecca walizikwa karibu na kijito cha Tuque, si mbali na Marthasville. Mwaka 1845 Kentucky ilifukua mifupa na kuizika upya Frankfort kwa sherehe kubwa, na watu wa Missouri wamedai tangu zamani kwamba waliofukuliwa si wao. Mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa alichunguza umbo la plasta la fuvu lililochukuliwa wakati wa ufukuaji huo, akasema huenda lilikuwa la Mwafrika. Wataalamu wengine hawakukubali kwamba umbo hafifu la namna hiyo linaweza kuamua jambo kama hilo. Watu weusi nao walizikwa katika makaburi yale ya Tuque. Katika safu ya mahali pa kuzikwa nimeandika maeneo yote mawili.

Novemba: Kinachoendelea

Jedwali la vizazi vinne, kutoka George wa tatu hadi watoto wa Daniel, limekamilika kwa kiwango cha kuweza kukaguliwa na mtu mwingine, na nimelikabidhi kwa msomaji wa pili asiyejua hitimisho langu lolote. Hesabu ya wajukuu 52 bado inaendelea. Matawi ya mabinti ndiyo yanayochelewa, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa nje ya Marafiki anatoweka katika daftari zao siku ile ile anayotengwa.

Kazi ya majira ya baridi ni Adam. Kwa kuwa alikuwa mtumwa wa William Russell, jina lake linaweza kuonekana katika wosia na mirathi ya Russell huko Virginia, katika orodha za kodi za kaunti alizoishi, au katika hati yoyote ya mauzo iliyosajiliwa mahakamani. Nitaanza na kaunti ya Fincastle, ambayo ndiyo iliyotawala eneo lote hilo mwaka 1773, kisha nitafuata kaunti zilizomegwa kutoka kwake kila ilipogawanywa. Adam amekwisha kupewa ukurasa wake katika jedwali: jina, mwaka mmoja, mahali pamoja, na kazi ya ushahidi aliyoifanya. Safu za wazazi, mwenzi na watoto ziko wazi.